Kadi Iliyokwenda Kapolowe

Watu hudhani mtu hutafuta njia ya kuifanyisha mashine kazi yake kwa sababu ni mvivu, au kwa sababu ana akili nyingi. Mimi nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa na hamu ya kumwona mke wangu.

Yeye alikuwa Kapolowe na watoto, mimi nilikuwa Likasi na kazi. Mshahara ulipoanza kuja mara moja moja kama mgeni mwenye haya, na kisha ukaacha kuja kabisa, tulikubaliana aende kwa watu wake kulima. Miezi michache tu, tulisema. Mimi nibaki kulinda nafasi yangu. Siku hizo mtu alishikilia kazi isiyolipa kama anayeshikilia nafasi yake kwenye foleni baada ya duka kufungwa: alitazama nyuma, akaona wengine nao hawajaondoka, akatulia. Nyumbani nilibaki na kitanda, sufuria mbili na shahada yangu ya hesabu ukutani. Hiyo ya mwisho hakuna mnunuzi wa mtaani kwetu Kikula aliyewahi kuuliza bei yake.

Kazini, kwenye kampuni ya madini, tulikuwa na kompyuta tatu kubwa zilizonunuliwa enzi za neema, kila moja katika jengo lake. Ajabu yake ni kwamba kila moja ilijigawa ndani kwa ndani ikawa mashine kadhaa za kufikirika. Moja ya mishahara, moja ya ghala, moja ya karakana, na kila moja iliamini ina mwili wake na iko peke yake duniani. Tuliita ile kubwa mwenyeji. Wenzangu waliona jambo hili gumu. Mimi nilikulia katika nyumba ya kampuni iliyokaliwa na familia ya baba yangu, ya mdogo wake na ya shemeji yake, kila mama akisema "nyumba yangu", kwa hiyo nililielewa siku ya kwanza.

Wenyeji hawa walizungumza kwa waya, na waya uliingia katika kadi za mtandao, vipande vya ukubwa wa kiganja vilivyochomekwa ndani ya sanduku. Kadi zikawa zinaibwa. Kwa hiyo ikaingia desturi ambayo sidhani kama imeandikwa katika kitabu chochote cha taaluma yetu: jioni kila mhudumu, mimi nikiwa mmoja wao, alifungua mashine yake, akachomoa kadi, akazifunga katika leso na kwenda kulala nazo nyumbani. Asubuhi alizirudisha, lakini si lazima mahali palepale. Basi mashine ya mishahara iliamka ikiwa na waya wa ghala, na ghala likaamka bubu.

Ndiyo maana mkubwa wetu, injinia aliyependa karatasi, alitaka kila Jumamosi jioni taarifa mezani pake: mwenyeji gani ana kadi zipi, kila kadi ina namba gani, na mashine ipi ya kufikirika inaitumia. Nilizunguka majengo matatu na bisibisi, nikifungua masanduku, nikinakili namba zilizoandikwa kwa herufi za kuumiza macho. Kamyo, lori la kwenda Kapolowe, lilitoka Jumamosi alfajiri. Mimi Jumamosi nilikuwa nimeinama ndani ya masanduku.

Leo kijana yeyote pale Lubumbashi huandika mistari michache na wenyeji mia wakamjibu kabla hajamaliza kahawa. Mimi ilinichukua msimu mzima wa kiangazi. Lakini siku moja mashine yangu iliwauliza wenzake: mna kadi ngapi, zina namba gani, nani kati ya watoto wenu anazitumia? Nao wakajibu, na karatasi ikatoka imejaa. Niliitazama kama mtu anayeangalia tiketi.

Tiketi hiyo nilikuwa na haja nayo. Mke wangu alikuwa amenitumia neno kupitia dereva wa kamyo. Jumapili ile, baada ya misa, wazee wa kwao wangekaa kuamua habari ya watoto: warudi Likasi kusoma, au waandikishwe kulekule. Yeye alitaka warudi, ila alitaka mimi niseme hivyo mbele ya wazee.

Ijumaa nilipita kwa kila mhudumu. Nikawaagiza kesho wawahi kuchomeka kadi, maana programu ingeuliza saa nne asubuhi, wawe tayari wasiwe tayari. Nilirudia mara mbili kwa kila mmoja. Mhudumu wa ghala, baba wa makamo aliyezoea kuniona na bisibisi, alinisikiliza hadi mwisho.

"Shefu," akasema, "kadi tutaweka, karatasi nitapeleka mezani. Weye enda tu. Bibi akikuona umekonda hivi, atawaza njo weye mwenye kuibiwa."

Nilifika Kapolowe Jumamosi kabla ya adhuhuri. Watoto walinisindikiza kutoka barabarani, wakubwa wakibishana nani abebe mfuko wangu usio na kitu. Mke wangu alikuwa mweusi kwa jua na mikono yake imekuwa migumu. Alinishika uso kwayo, akacheka, akaniambia nivue shati alifue kabla ya misa ya kesho. Alikuwa ameanza kutwanga sombe, majani ya muhogo. Nilikaa kwenye kigoda nikisikiliza mchi na kuhesabu ni usiku mmoja tu, lakini usiku mzima.

Kisha mchi ukanyamaza. Alikuja na shati mkono mmoja, na katika mkono mwingine kitu alichokikuta mfukoni mwake, kimefungwa katika leso.

"Papa batoto, hii kintu ni nini?"

Nilijua kabla hajakifungua. Niliwaagiza wote isipokuwa mtu mmoja, mimi. Ilikuwa kadi ya mashine yangu mwenyewe, ile ambayo wenyeji wengine wote walipitia kunijibu.

"Iko ya kazi," nikasema.

"Minye niliwaza umeniletea zawadi. Iko na dhahabu pembeni."

Nikamweleza. Taarifa haitatoka, injinia atakuta meza tupu, kadi haipo na mimi sipo. Watu walikuwa wamefukuzwa kwa dogo kuliko hilo, na wengine kupelekwa polisi. Kamyo lililonileta lingerudi alasiri hiyohiyo.

Alisikiliza huku akikunja leso.

"Na kesho?"

"Nitarudia juma ingine. Uwaambie bazee wangojee."

"Bazee habatangojea kamyo," akasema. "Weye njo papa yabo. Nitasema nini, papa yabo iko wapi?"

Niliichukua kadi nikaitia mfukoni mwa suruali. Alinirudishia shati likiwa halijafuliwa. Watoto walinisindikiza tena hadi barabarani, safari hii hakuna aliyegombea mfuko.

Nilifika Likasi juu ya magunia ya makaa, mweusi kuliko mke wangu. Kwenye kioo cha kompyuta niliona programu yangu inauliza, inangoja, inauliza tena, kwa upole uleule niliouandika mimi. Nikachomeka kadi. Wenyeji wengine wakajibu mara moja. Wahudumu walikuwa wamefanya kila kitu nilichowaagiza. Taarifa ikatoka safi, bila pengo. Nikanawa mikono ili nisiichafue, nikaipeleka kwa injinia.

Mlango ulikuwa umefungwa. Mlinzi aliniuliza kama kweli sijasikia. Injinia alikuwa ameondoka tangu Alhamisi, amekwenda Lubumbashi kutafuta kazi yenye mshahara, na kiti chake kizuri amekwenda nacho.

Jumapili nilisimama kwenye njia ya kutokea mjini tangu kengele ya misa hadi jua lilipokuwa kali. Hakuna gari lililokwenda upande ule. Nilijaribu kukisia wamefika wapi katika mazungumzo, nani kaanza kusema, yeye amejibu nini kwa niaba yangu. Nilijikuta natoa hotuba nzuri sana, yenye hoja, peke yangu kando ya barabara.

Jumamosi iliyofuata nilipanda kamyo, taarifa ikijitengeneza yenyewe nyuma yangu kwa ajili ya ofisi tupu. Mke wangu alinipokea vizuri, na hakuzungumzia wazee. Aliyezungumza ni binti yetu. Alikimbilia ndani akatoka amevaa sare ya shule ya kule, blauzi nyeupe na sketi ya buluu, akazunguka mara moja ili nione mgongo. Nikamwambia imempendeza. Nikapiga magoti kumnyooshea sketi, na vidole vyangu vikakuta pindo. Mama yake alikuwa ameliacha pana, karibu kiganja kizima, la kushushwa kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka.