Shingo ya Baba Mapasa

Mimi ni fundi cherehani, na ubaya wa fundi cherehani ni kwamba akiona uzi unaning'inia hawezi kuuacha. Wakati wa Wabelgiji nilikuwa nikishona kwenye baraza ya duka moja hapa Kasongo, suruali za makarani na magauni ya wake zao, na Jumapili nilikuwa mwimbaji. Tulikuwa wawili tu. Mimi nilikuwa na sauti, chupa tupu na kisu cha kuigongea. Mwenzangu alikuwa na gitaa. Alikuwa mtu wa Kabambare, amekuja Kasongo kubeba marobota ya pamba, na aliniita Fundi hata mbele ya watu, kwa kunitania.

Hatukuwa bendi ya kujivunia. Tulipiga kwenye nyua za watu, arusini na siku za soko, watu thelathini au arobaini wamekaa karibu nawe mpaka unasikia mtu anatafuna karanga. Kwa hao thelathini mimi nilijiandaa kama naenda kuimba mbele ya Gavana. Kila Jumamosi ilikuwa repetisyo, ndivyo tulivyoyaita mazoezi. Kila fasi ya wimbo, yaani kila mahali, niliipangia: hapa gitaa liingie, hapa nivute pumzi, hapa chupa inyamaze. Yeye hakuweza kupiga wimbo mara mbili namna moja. Akiona mama mmoja anacheza vizuri, vidole vyake vinamfuata yule mama, na mimi nabaki nimesimama mdomo wazi, sijui nirudi wapi. Tuligombana sana. Aliniambia ninapika wimbo mpaka unaungua, nami nikamwambia yeye anaupakua mbichi.

Mara ya kwanza tulipokwenda Kabambare ilikuwa wakati wa soko la pamba. Tulipewa karatasi ya ruhusa, maana siku zile hukutoka kwenu hivi hivi, tukapanda juu ya kamiyo, lori la kubeba pamba. Tulipiga mbele ya duka, mchana. Na katikati ya wimbo mpya, mimi huyu bwana wa repetisyo, maneno yakanipotea. Yote. Nikajikuna kichwa. Nikainua macho, nikamwona mwanamume amesimama karibu na nguzo, amebeba watoto wawili mabegani, mmoja huku, mmoja huku, miguu yao imefunika shingo yake yote. Alikuwa shemeji wa mwenzangu, mume wa dada yake. Kwetu mapacha tunawaita mapasa, na baba yao anaitwa Baba Mapasa mpaka kufa. Basi nikaimba kilichonijia mdomoni: "Baba Mapasa, mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto, shingo yako iko wapi?"

Lo, watu walicheka mpaka wakakaa chini. Baba Mapasa alizunguka kuwaonyesha watu kwamba kweli hana shingo. Mke wake, dada ya mwenzangu, akaja kucheza mbele yetu, akaniambia nisithubutu kuuacha wimbo njiani, kwa sababu kwao wimbo uliowataja mapasa haukatwi katikati. Tukaurefusha, gitaa likienda lilikotaka, nami nikilifuata. Sijawahi kuimba vizuri kama siku ile.

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilirudi Kasongo nikakaa na ule wimbo kama nguo mezani. Nilipima mahali nilipojikuna kichwa. Nikaamua nijikune baada ya mzunguko wa tatu wa gitaa, nijifanye nimesahau, ninyamaze kidogo, kisha niinue macho kama mtu aliyeshtuka. Nilijifunza kushtuka. Tuliuimba Nyangwe, tukauimba kwenye arusi hapa mjini, na kila mahali watu walicheka, hata pasipokuwa na mapasa. Mwenzangu hakuupenda tena. Siku moja alilaza gitaa magotini akaniambia, "Fundi, siku ile uliona. Sasa hauone tena, unakumbuka tu." Nikamjibu kwamba watu wanacheka, anataka nini zaidi?

Mwaka uliofuata tulirudi Kabambare. Kamiyo ilikwama darajani, tukafika Jumapili saa nne asubuhi, na onyesho lilikuwa saa nane. Mwenzangu hakuwa na habari za nyumbani tangu mvua zilipoanza. Akaniomba aende kwa dada yake, ng'ambo ya kijito, amwone tu uso, alisema, halafu atarudi. Nikakataa. Alikuwa amefunga waya mpya kwenye gitaa na haukuwa umetulia, na ule mzunguko wa tatu alikuwa bado anauharibu. Nilijua akienda watampikia, na mimi sitamwona mpaka jioni. Nikamwambia dada yake atakuja mwenyewe saa nane, kama mwaka jana. Repetisyo kwanza.

Angeweza kunipuuza. Mara nyingi alinipuuza. Siku ile alikaa.

Tukajifungia nyuma ya duka. Mzee mmoja akaja, akasimama pembeni na kofia mkononi, akamsalimia mwenzangu kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, akamshika mkono muda mrefu bila kuuachia. Mimi nikaona muda unakwenda. Nikasema, kwa heshima zote, "Mzee, tunaomba utuachie kidogo, tuko kazini. Mutaongea kisha." Mzee akaniangalia, akavaa kofia yake, akaenda. Alikuwa ametumwa. Nimemwona yule mzee mara nyingi tangu siku ile, nikiwa nimefumba macho.

Saa nane watu walijaa. Tuliimba nyimbo mbili za kuwachangamsha, kisha ule wimbo. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikajikuna kichwa. Nikanyamaza. Nikainua macho kuelekea nguzo, nikashtuka vizuri kabisa, nikaimba: "Baba Mapasa, mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto, shingo yako iko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Nilidhani hawakusikia, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Ndipo dada ya mwenzangu akasimama kati ya wanawake, akanijibu kwa sauti ya wimbo uleule, polepole: "Wa kushoto ameenda kuchota maji."

Kule hawasemi kwamba pacha amekufa. Wanasema ameenda kuchota maji, na hawamlilii, kusudi aliyebaki asisikie kilio akamfuata. Mimi nilikuwa najua. Mtu yeyote wa pande hizi anajua, hata sisi wa mjini. Lakini masikio yangu yalikuwa kwenye wimbo. Nilifikiri mama wa watu ameingia katika mchezo, nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba leo nimepata kitu kipya ambacho hata sikukifanyia mazoezi. Nikaimba: "Akirudi, atuletee na sisi tunywe."

Hapo ndipo nilipoona. Baba Mapasa alikuwa palepale kwenye nguzo, na mtoto mmoja kwenye bega la kulia. Shingo yake ilikuwa inaonekana yote.

Nikamgeukia mwenzangu. Alikuwa akimtazama dada yake, na dada yake alikuwa akimtazama yeye, na ndivyo alivyopata habari. Nilingoja gitaa linyamaze. Halikunyamaza. Wimbo wa mapasa haukatwi. Aliupiga mpaka mwisho, uso mkavu, mimi nikigonga chupa tu. Aliupiga kama nilivyomfundisha mwaka mzima: mzunguko wa nne, pumzi, mzunguko wa tano, pale pa kupunguza akapunguza. Kisha akafuta nyaya kwa kitambaa, kama nilivyomsumbua siku zote afanye, akaliweka gitaa juu ya kiti changu, akaenda kwa dada yake.

Jua lilikuwa bado liko juu nilipovuka kijito kumpelekea gitaa lake. Watu walikaa uani kimya, na mtoto aliyebaki alikuwa akicheza na kibuyu kati yao. Mwenzangu akaja mpaka kwenye wigo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, nimeyapanga njia nzima, la kwanza, la pili, la tatu. Hakuningoja.

"Fundi," aliniambia, "leo sikukosea hata fasi moja."

Hakulipokea gitaa. Nilirudi nalo Kasongo juu ya marobota ya pamba.