Wembe wa Kiunoni

Mimi ni fundi cherehani. Si kwamba najisifu, ila nusu ya wanaume wa mtaa huu walifunga ndoa wakiwa wamevaa suruali zangu. Shule niliiacha darasa la sita, ikabaki na hasara yake. Basi mpwa wangu alipotaka mtu wa kumfanyia mazoezi ya kupekua, angemwita nani mwingine?

Huyu binti wa dada yangu ni mpelelezi mpya. Kesho yake alikuwa anakwenda kukamata mtuhumiwa kwa mara ya kwanza. Dada hakuwa na raha, maana mwezi uliopita askari mwenzao alitia mkono mfukoni mwa mtu, akachomwa na sindano. Mpaka leo anameza vidonge, anasubiri majibu ya damu.

"Shikamoo, afande," nikamchokoza.

"Marahaba. Geuka, mikono nyuma. Mama, wewe ndiye mwenzangu. Usinitazame mimi, tazama mikono yake tu."

"Hiyo mikono naijua tangu ikiiba sukari," dada akasema, akasimama kando na mwiko wake.

Pingu zikaja kwanza. Akapenyeza ncha ya kidole kati ya chuma na ngozi yangu. "Inabana, mjomba?" Nikasema kidogo, akalegeza.

"Una kitu cha kuchoma au kukata?"

"Sina."

Nilikuwa nimeficha ufunguo kwenye pindo la suruali, kifungo chini ya kola, na chaki ndani ya soksi. Mafundi wenzangu wasingevipata. Yeye alivitoa vyote, na mfukoni hakutia hata kidole: anabonyeza kwa nje, kisha anaugeuza mfuko ukaning'inia kama ulimi wa mbwa.

Kiunoni akasita.

"Hapa kuna nini?"

"Tumbo, mwanangu. Nimelitafuta kwa jasho."

Hakucheka. Akaukunjua mkanda wa suruali taratibu, ukatokeza wembe. Wembe wangu wa kufumulia mishono, nilikuwa nimeuchomeka asubuhi mteja akinigombeza. Angetelezesha mkono pale kama tunavyolainisha kitambaa, kidole kingepasuka.

Nikaomba radhi. Ndiyo, mimi.

"Sikukudanganya," nikasema. "Nilisahau."

"Najua, mjomba. Ndiyo maana tunauliza, halafu tunapekua kana kwamba hatukujibiwa." Akanifungua pingu, akanisugua vifundo vya mikono kama mgonjwa.

Dada, ambaye hajawahi kuipenda kazi ile, akasema, "Rudieni. Toka mwanzo."

Tulirudia mpaka chungu kikaungua.

Kesho yake jioni nilikaa mlangoni kwa dada, nikijifanya nashona kifungo kilichokuwa kimeshonwa tayari. Mpwa wangu akatokea, viatu vimejaa vumbi.

"Simama hapo," nikamwamuru. "Mikono."

Akainyoosha. Nikakagua vidole vyote kumi, kimoja kimoja, mbele na nyuma, dada akichungulia begani kwangu. Hakuna hata mkwaruzo.

"Una kitu unachotuficha?" nikauliza.

"Njaa," akasema.

Dada alikuwa ameshaingia ndani kupakua.