Kidole cha Tantine Kavira

Depo ya baba yangu pale Butembo ilinuka grisi, mpira mpya na maboksi yaliyonyeshewa njiani. Harufu hiyo iliganda hata kwenye sare yangu ya shule, na mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye majivuno ya kushika nafasi ya kwanza, niliichukia. Baba aliuza vipuri vya malori. Vilitoka Asia, vikapita mpakani Kasindi, vikatufikia katika maboksi madogo yenye maandishi ya Kijapani au ya Kichina, hatukujua kuyatofautisha. Ilikuwa miaka ya vita. Askari wa vizuizini walibadilika, leo hawa, mwezi ujao wengine, lakini malori hayakuacha kuharibika, na watu hawakuacha kuja kwetu.

Aliyeijua depo hiyo kuliko hata baba alikuwa Tantine Kavira, dada yake mkubwa. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Kwao Lubero, enzi zake, wavulana walipelekwa kwa mapadri na wasichana wakapelekwa kwenye maharage. Lakini mteja alipotaja kitu, Tantine alisimama mbele ya rafu, akaanza kuchora kwa kidole kwenye kiganja cha mkono wa pili: mstari wa kulala, mstari wa kukingama, vijistari chini yake. Kisha mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye boksi. Alijifundisha mwenyewe kwa miaka mingi, akifungua kila boksi, akitazama kilichomo, akitazama alama iliyo juu, akilifunga. Siku moja nilimwuliza alama fulani inasemaje. Akanitajia, kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, neno la kushoto. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu lini watu wa Asia wakaandika Kinande? Kwangu mimi kusoma kulikuwa kutoa sauti, herufi kwa herufi, kama masista walivyotufundisha.

"Miye sijue bao banaiita namna gani," alisema bila kukasirika. "Ninaiona tu, na ninajua."

Nilimwonea haya. Wenzangu wa darasani walipopita mlangoni nilisimama mbele yake ili wasimwone akichorachora kiganjani kama mtu aliyerukwa na akili. Naandika haya nikiwa mtu mzima na bado uso unaniwaka.

Mwaka huo baba alitangaza mezani kwamba vita vinakula kila kitu, na kwamba mtoto wa kike anaweza kungojea amani huku analima. Mama alilia. Aliyenitetea mpaka baba akalegea ni Tantine. Baba akakubali nibaki shuleni kwa sharti moja: jioni nisaidie depo, na nisilete matatizo. Kosa moja tu, alisema, ningepanda gari la Lubero na jembe langu. Tantine alikuwepo, akasikia kila neno.

Ndipo akaja Saidi, dereva wa Beni, Mwislamu mpole aliyetubebea mizigo tangu sijazaliwa. Lori lake lilikuwa limekwama kwenye mlima wa Kabasha, limejaa vitenge na sabuni za wafanyabiashara wa kwao, kwa sababu rotula ya usukani, kile kiungo kinachogeuza gurudumu, ya upande wa kushoto ilikuwa imekwisha. Alikuja kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Rotula ya kushoto na ya kulia hufanana kama mapacha. Tofauti ni kwamba nyuzi zake za skrubu huzunguka kinyume, hata ufanye nini moja haikai mahali pa nyingine. Baba alikuwa amekwenda Kasindi. Saidi alikuwa na karatasi yenye namba ya kifaa. Tantine akachora kiganjani, akashusha boksi. Mimi nikashusha jingine. Unyevu ulikuwa umekula tarakimu za mwisho kwenye maboksi yote mawili, lakini nilijiambia kwamba nimeziona.

"Hii njo yenyewe," nilisema. "Namba ni moja."

"Mutoto, ile ni ya kuume," Tantine alisema. "Papa Saidi anatafuta ya kushoto. Hapana kumupa ile."

Wateja wawili walikuwa wamesimama kaunta, na macho ya watu yalinipa kichwa. "Tantine, mutu mwenye hakuingiaka masomo anaweza soma namna gani? Kwa kidole?"

Walicheka. Tantine aliuficha mkono wake ndani ya kitenge na kurudi nyuma. Saidi, aliyekuwa na haraka na asiyejua amwamini nani, alichukua boksi la msomi.

Alirudi siku ya tatu, kwa miguu. Rotula ilikataa kuingia. Wakati anahangaika nayo, watu wenye bunduki walitokea msituni. Yeye alikimbilia kwenye migomba, na walipoondoka lori lilikuwa tupu, hata turubai hakuna. Baba aliweka boksi lile juu ya meza.

"Nani alimupatia hii?"

Niliufungua mdomo. Nadhani niliufungua. Saidi alinitazama, kisha akatazama chini, kwa sababu si tabia ya mgeni kumchongea mtoto kwa baba yake. Nilihesabu matundu ya kamba za viatu vyangu vya shule.

"Ni miye, ndugu yangu," Tantine Kavira alisema. "Nilichanganya."

Baba alisema mengi mbele ya watu: kwamba lilikuwa kosa lake kumwachia depo mtu asiyejua a wala be, kwamba ile michoro ya kiganjani ilikuwa upuuzi siku zote. Jumatatu Tantine alipanda gari la Lubero, na mimi nikaenda shule.

Nilisoma sana. Leo ninaishi Kampala, natafsiri hati za magari, na ndiyo kazi iliyonifikisha kwenye darasa la Kijapani. Mwalimu wetu ni mama Mjapani wa makamo. Siku moja mwanafunzi alimwuliza alama fulani huandikwaje. Mwalimu alisita, akanyanyua kidole, akachora kwenye kiganja chake, kisha akaiandika ubaoni. Tulipotabasamu alituambia kwamba kwao wengi hufanya hivyo. Mkono hukumbuka kabla ya mdomo. Akaeleza pia kwamba alama hizo zilitoka China, na Wajapani wa kale walizitazama, wakajua maana, wakazitamka kwa maneno ya lugha yao wenyewe. Nilitoka nje, nikasimama kwenye korido mpaka darasa likaisha.

Nilikwenda Lubero. Tantine amezeeka, nilimkuta akimenya viazi mlangoni. Nilichora kwenye karatasi alama ile niliyomcheka nayo utotoni, nikampa. Hakusita. Akaitaja kwa Kinande, kushoto, akanirudishia karatasi yangu. Nikamweleza habari za mwalimu, za kiganja, za watu wa kale, nikiongea haraka haraka kama mwanafunzi anayetaka maksi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Papa yako, ulimuambiaka nani alitoa ile boksi?"

Baba tulimzika miaka minne iliyopita. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake wiki tatu nzima, na tuliongea mambo mengi.

"Hapana, Tantine."

Aliitikia kwa kichwa, akachukua kiazi kingine.