Firigisi ya Baba Mkwe

Kwetu Kinondoni firigisi hazikuwa na mwenyewe. Baba yangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja Oyster Bay, na siku za karamu kule walichinjwa kuku wengi kupita kiasi. Maini, mioyo, shingo na firigisi zilizobaki zilikuja nyumbani ndani ya kopo la siagi. Baba mwenyewe alinifundisha kuzipikia mchuzi mzito, tukala wote, wasichana kwa wavulana.

Kisha nikaolewa Temeke, nikaambiwa nikae kando. Mama mkwe hakuwa mkali, ila jikoni mwake hakuachia mtu. Nikune nazi, nichambue mchele, nioshe masufuria, basi. Mimi niliyekulia miguuni kwa mpishi! Roho iliniuma, na usiku nilimwambia mume wangu hivyo.

Siku moja baba mkwe akapata mgeni kutoka Kilwa, wakamchinjia jogoo. Mama mkwe akakaanga nyama, kisha akanisukumia bakuli la vya ndani.

"Haya mwanangu, mchuzi wa wali leo ni wako."

Sikungoja aseme tena. Nilipasua firigisi, nikaibandua ile ngozi ya manjano, nikaisugua kwa chumvi na ndimu mpaka ikaacha utelezi. Nikaichemsha pamoja na shingo, moyo na maini, kwa tangawizi na kitunguu saumu. Supu nikaiweka kando. Kwenye samli nikakaanga unga wa ngano taratibu, mpaka ukawa na rangi ya kahawa.

"Unga kwenye mchuzi?" mama mkwe akashangaa. "Wapika uji, mwenzetu?"

"Subiri, mama. Utaniambia."

Nikamimina supu kidogo kidogo huku nakoroga, pasibaki hata donge moja. Vya ndani nikavikatakata vidogo vidogo, nikavitosa vyote, nikamalizia kwa pilipili manga. Harufu ilipanda mpaka jirani akauliza kutoka ng'ambo ya ua tunapika nini.

Mama mkwe akachungulia chunguni. "Na firigisi ya baba yako umeiweka wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nani asiyejua? Firigisi ni ya mwenye nyumba, hukaa nzima juu ya wali wake, na mwanamke huipika tu, haili. Kopo la baba yangu lilikuwa limenizoesha vibaya.

"Imo humo, mama. Nimeikatakata."

Alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. "Mbele ya mgeni! Mzee akikasirika, mwanangu, atasema hukufundwa, urudi kwenu ukafundwe upya. Na mie sitakuwa na la kukutetea."

Moyoni nikamwona mama yangu akinipokea mlangoni na furushi langu la nguo, majirani wakichungulia. Niliogopa sana. Lakini mume wangu alikwisha kuja kuchukua sinia, na chakula kikaenda barazani.

Sisi tukabaki uani, tumetega masikio. Halafu sauti ya baba mkwe: "Jamani, firigisi yangu leo imepaa?"

Mama mkwe akataka kuinuka. Nikamtangulia, nikapiga magoti kwenye mlango wa baraza.

"Nimeikata ndani ya mchuzi, baba. Ni mimi, si mama."

Aliniangalia, akaangalia sinia. Mgeni wake hakuinua hata kichwa. Alikuwa anakomba mchuzi kwa tonge la wali, pembeni mpaka katikati.

"Yote umeikata?"

"Yote, baba."

"Basi lete mchuzi mwingine, huyu bwana ananimalizia. Na kuanzia leo sitaki kuiona nzima."

Nilirudi uani kifua mbele, nikajaza bakuli, nikapeleka, nikarudi tena. Uliobaki nikampakulia mama mkwe. Akala tonge la kwanza, la pili, kisha akaacha kutafuna ghafla. Kitu kigumu kidogo kilikuwa kati ya meno yake.

"Ndiyo yenyewe hii?"

"Ndiyo, mama."

Tangu aolewe alikuwa ameimenya, ameiosha, ameichemsha, akampelekea mwanamume, na hakuwahi kuionja. Nilidhani ataitema. Akaitafuna polepole, akameza, akanitazama.

"Kumbe miaka yote hii mzee alikuwa akifaidi peke yake!" akasema kwa sauti iliyofika mpaka barazani, akavuta bakuli karibu yake na kuanza kutafuta kipande kingine.