Bibi Amekataa Kuingia Ukumbini

Mjomba wangu aliimba roki Arusha katika miaka ambayo kila mtu mjini alikuwa anaanzisha kitu. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara binafsi, na watu hawakusubiri kuambiwa mara mbili. Makarani walifuga kuku wa mayai, walimu walifungua vibanda vya kurekodi kaseti, shangazi zetu walipanga meza za mitumba, na mjomba, kitindamimba wa bibi, aliacha chuo cha kilimo akaanza kupiga kelele. Neno hilo si langu. Ni la babu.

Babu alikuwa mkaguzi wa shule aliyestaafu, ila kukagua hakustaafu. Alikagua chai kabla ya kuinywa. Alikagua mahubiri, na Jumapili mchana tulikula huku tukisikiliza makosa ya mchungaji. Lakini kuimba kwa mwanawe hakuwahi kukukagua mpaka mwisho. Mara moja mama alifaulu kumpeleka kwenye hoteli ya watalii ambako mjomba aliimba Ijumaa. Wimbo wa kwanza ulipofika katikati, babu alisimama, akachukua kofia yake, akasema, "Nilichosikia kinatosha kutoa ripoti." Ripoti yenyewe hakuitoa. Krismasi iliyofuata mjomba alishika gitaa sebuleni, na babu akakumbuka kwamba hajamwangalia ng'ombe. Ikawa desturi. Gitaa likitoka kwenye mfuko wake, babu alikwenda zizini. Nadhani hakuna shule yoyote ya mkoa iliyopata kukaguliwa kama ng'ombe yule.

Mimi wakati huo nilikuwa binti wa kidato cha tano, niliyeandika mashairi ya mapenzi bila kuwa na mpenzi, na nilimwona mjomba kama mtu aliyeshushwa kutoka juu. Alikuwa na koti la ngozi la mitumba lenye tai amechorwa mgongoni, na nywele ambazo zilimfanya mama mmoja wa kanisani amsalimie "dada" kwa nyuma. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo kama jiwe la kusagia. Ilikuwa inakuumiza kidogo, halafu unataka tena.

Bibi na babu walipokaribia kutimiza miaka arobaini ya ndoa, kamati ya jubilei ilikaa nyumbani kwao Moshono. Lilipofika suala la muziki, mtu akapendekeza tukodi disko.

"Nimezaa mwimbaji," bibi alisema, "halafu nikakodi sauti za watu ndani ya sanduku?"

"Yule haimbi," babu alisema. "Yule anapiga kelele."

"Kama hutaki, usije. Mimi nitakuja na msimamizi wangu."

Msimamizi wake nilikuwa mimi. Nilikuwa nimechaguliwa kumshikia bibi maua na kumfuta jasho, na sasa nikajiona ninakaribia kuolewa naye. Babu alitazama dari, akakagua mbao zake, kisha akakubali.

Bibi alitaka wimbo mmoja tu wa kuingilia: wimbo wa zamani wa bendi za dansi, uliokuwa ukipigwa wakati wao wakichumbiana. Unamhusu kijana aliyekonda kwa mapenzi. Chakula hakipiti, usingizi hauji, ndugu wamekata tamaa naye, na ombi lake lote ni kwamba mpenzi wake apite mbele ya nyumba yao ili amwone tu. Bibi alikuwa akiuimba anapomenya ndizi. Mjomba aliujua tangu akiwa mgongoni kwake.

Nilimfuata Sombetini, kwenye chumba alichofanyia mazoezi na mpiga gitaa wake na mpiga ngoma. Nilimkuta anajibishana na jirani mwenye kuku mia moja.

"Tangu muanze, hawatagi!" jirani alilalamika. "Wanasimama tu wananitazama!"

"Wape muda, mama," mjomba alisema kwa upole. "Hata watu huwa hawaelewi mwanzoni."

Jirani alipoondoka mjomba aliniita, "Njoo usikie, mjomba." Aliniita mjomba kama mimi nilivyomwita yeye. Wakapiga. Kijana wa wimbo, ambaye kwa bibi alikuwa amelala kitandani amedhoofika, humu alikuwa ameamka, amevunja mlango na yuko barabarani anamtafuta huyo mwanamke mwenyewe. Nilisisimka mpaka kwenye vidole vya miguu. Mwishoni gitaa na ngoma vilinyamaza ghafla, ikabaki sauti ya mjomba peke yake, imechoka, inaomba.

"Hapo," alisema, akipangusa jasho. "Kelele zote hizo ni njia ya kufika hapo. Na hapo ndipo mzee hajawahi kufika."

"Utamfurahisha."

"Sitaki afurahi. Nataka asikie wimbo mmoja mpaka mwisho. Basi. Akitaka kunifukuza, anifukuze baada ya hapo."

Asubuhi ya jubilei Mlima Meru ulijitokeza wote bila wingu, kama mgeni aliyewahi kwenye sherehe na kukaa kiti cha mbele. Ibada ilikwenda vizuri. Kwa maoni ya babu ilikuwa na makosa matatu. Saa nane mchana tulikuwa tumejipanga mlangoni mwa ukumbi wa usharika. Ndani, viti vyeupe vya plastiki vilikuwa vimejaa mpaka ukutani, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, alikuwa mezani na majani yake mdomoni, akisubiri kama sisi. Mlangoni walikuwa bibi na babu wameshikana mikono, mimi upande wa bibi, na upande wa babu msimamizi wake yule yule wa miaka arobaini iliyopita, mzee mwenye fimbo na sauti ya kipaza.

Ni lazima nieleze jinsi maharusi wanavyoingia kwetu, hata wakiwa na wajukuu. Hawatembei. Wanakwenda hatua mbili, wanarudi moja, wanatulia, watu wanashangilia. Kutoka mlangoni mpaka meza kuu ni safari, na wimbo ndio unaowabeba. Mjomba alikuwa amefikiria kila kitu katika wimbo ule isipokuwa kwamba kuna watu wataufuata kwa miguu.

"Wanaingiaaa!" mshereheshaji akalia.

Ngoma zikaanguka kama mawe juu ya bati. Babu, mtu wa nidhamu, aliondoka na mdundo: hatua mbili, tatu, nne. Kisha akavutwa nyuma na mkono wake mwenyewe, kwa sababu mkono huo ulikuwa umeshikwa na bibi, na bibi hakuwa ameondoka.

"Twende," babu alisema.

"Siendi."

Mjomba alisimamisha bendi, wakaanza upya, taratibu zaidi. Bibi akatoa mguu. Tulipata kama mita moja hivi. Lakini wimbo ulipofika kwenye kiitikio mpiga ngoma alipandwa na furaha, kijana mgonjwa akavunja tena mlango, na bibi akageuka na gauni lake lote la dhahabu akarudi nje. Sisi sote tukarudi naye. Watu wakaanza kuinuka kwenye viti watazame.

"Mama," sauti ya mjomba ilisikika kwenye spika, "kuna tatizo?"

"Wimbo wako unanifukuza!" bibi alijibu kutoka mlangoni, na hakuhitaji spika. "Mimi nilipoolewa sikufukuzwa. Nilichukuliwa!"

Ukumbi ulicheka mpaka ndafu akatikisika. Babu hakucheka. Alinong'ona, "Nilisema. Si nilisema?"

"Njoo hapa," bibi akamwambia mwanawe.

Mjomba aliteremka jukwaani na maikrofoni mkononi. Alipofika katikati ya ukumbi waya uliisha, ukamvuta kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Akatazama maikrofoni, akatazama mama yake, akaiweka kwenye meza ya wageni kutoka Makumira, kati ya soda zao, akaja mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe mkono. Hapana, huo mwingine, upande wa goti bovu." Bibi akauachia mkono wa babu. "Wewe ngoja hapa," alimwambia. Kisha akanigeukia mimi: "Mshike babu yako asikimbie."

Nikamshika babu kwenye kiwiko. Bibi na mjomba wakaanza kuondoka. Mjomba alifungua mdomo kwa nguvu zake zote za kila siku, na papo hapo nikaona bibi akimfinya.

"Ninatembea na wewe, sitembei na jirani yako," alisema. "Imba unavyoniona ninavyokwenda."

Basi akaimba jinsi bibi alivyokwenda. Mguu mzima ukitua, neno linatoka. Goti bovu likisita, neno nalo linasita, na mjomba alilazimika kulishikilia hewani mpaka goti liamue. Sauti ile iliyozoea kukimbia ilikuwa sasa inabebeshwa mzigo na kuambiwa usimwage. Mikwaruzo yake yote ilisikika. Haikuwa dansi, wala haikuwa sauti ya bibi akimenya ndizi. Ilikuwa roki kabisa, ila roki iliyopewa uzito wa mwili wa mtu mzima. Jukwaani mpiga gitaa alielewa, akatoa noti moja ndefu inayonguruma chini chini. Mpiga ngoma akawa anapiga pale tu bibi anapokanyaga. Kijana wa wimbo alikuwa amerudi kitandani, na kwa mara ya kwanza niliamini kwamba anaumwa kweli.

"Hapo anavuta mno," babu alisema sikioni mwangu.

"Ni goti la bibi, babu."

"Mm. Ubeti wa pili ameuruka."

"Huwa anaupeleka mwishoni."

"Nani kampa ruhusa?" Kisha akajaribu kutoa kiwiko chake. "Hebu niachie nitoke nje kidogo. Nahitaji hewa."

Msimamizi wake akaweka fimbo mlangoni kama kizuizi cha barabarani. "Toka," alisema. "Toka tu, kesho mtaa mzima useme bwana harusi katoroka. Umeshindwa kutoroka miaka arobaini, unataka kutoroka leo kuna mtu anapiga video?"

Kweli mpiga video alikuwa nyuma yetu na taa yake kubwa. Babu alinyoosha tai yake. Hakuweza kutoka, kwa kuwa ni bwana harusi. Hakuweza kuingia, kwa kuwa bwana harusi haingii ukumbini peke yake. Hakukuwa na kiti. Hakukuwa na la kukagua isipokuwa lile lililokuwa mbele yake, kwa hiyo alisimama akasikiliza.

Walipofika meza kuu gitaa lilinyamaza na ngoma ikanyamaza. Mjomba alimkalisha bibi, akampangia gauni, na akiwa bado ameinama hivyo akauimba ule ubeti wa mwisho peke yake, bila chombo chochote. Chini ya vidole vyangu kiwiko cha babu kilikuwa kimelegea. Sikumtazama usoni. Nilimwonea haya kidogo, kama unavyomwonea mtu uliyemkuta anasali.

Wimbo ukaisha. Vigelegele, viti vikakwaruza, kina mama wa kamati wakarusha khanga. Mjomba akainuka, akageuka, na hapo ndipo alipomwona baba yake amesimama mlangoni pale pale alipoachwa. Watu nao wakageuka mmoja mmoja mpaka ukumbi ukatulia.

Babu akakohoa. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Na mimi nitaingia na nini?"

Mjomba akaitazama maikrofoni, bado iko kati ya soda za wageni.

"Rudia," babu alisema. "Na ubeti wa pili uurudishe mahali pake."

Mpiga gitaa akaanza. Alipiga utangulizi, akaupiga tena, akaupiga mara ya tatu, kwa sababu mjomba alikuwa amefungua mdomo na sauti haitoki. Mtu aliyezuia kuku mia moja kutaga alikuwa amesimama mbele ya mama yake bila sauti. Pembeni yangu babu alikuwa tayari ameinua mguu wa kwanza, hajautua, ameegemea mkono wangu kwa uzito wake wote.

"Mwambie aimbe," aliniambia kwa sauti ndogo. "Mguu unachoka."