Taa Nyekundu ya Maikrofoni

Acha nijianike mwenyewe kabla majirani zangu wa Mutuini hawajanianika.

Kliniki yetu, iliyokuwa ikimpa mwanangu dawa ya pumu, ilifungwa wafadhili walipojitoa. Njeri, afisa wetu wa afya, akaniombea dakika mbili za kuongea kwenye mkutano wao katika hoteli moja ya mjini.

"Mama Brayo, ongea vizuri," akanisihi. "Hawa ndio wanaweza kuifungua."

Nikawekewa maikrofoni mbele, na masikioni vifaa vya kumsikiliza mkalimani. Mzee mmoja wa wafadhili akasema kukatwa kwa misaada ni fursa ya Afrika kujitegemea. Kisha akaketi, akavaa vifaa vyake. Fursa! Nikang'oa vyangu kwa hasira. Mwenyekiti akasema jambo ambalo sikulisikia, na maikrofoni yangu ikawaka taa nyekundu. Kwangu televisheni ikiwaka nyekundu imezimwa, basi mimi mjinga nikamgeukia Njeri, nikamwaga yote.

"Fursa gani? Mtoto wangu anapumua kama filimbi! Na hilo tumbo la huyo mzee, linajitegemea ama linafadhiliwa?"

"Mama Brayo, nyamaza!"

"Ninyamaze kwani ananisikia? Akule samosa zake aende!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Yule mzee akafunga kifungo cha koti, polepole.

"Kliniki!" Njeri akaninong'oneza, akinirudishia vifaa masikioni. "Sema kliniki!"

Nikafungua mdomo. Mkalimani akanitangulia, kwa sauti ya upole:

"Mwenyekiti anakushukuru, mama wa Mutuini. Dakika zako mbili zimekwisha."