Chaki ya Bwana Tabianchi

Kijijini kwetu Hasamba, afisa huyo tulimwita Bwana Tabianchi. Alikuja na chaki kupanga nani ataumia zaidi mvua zikikosekana, apewe bure mbegu zinazostahimili ukame. Shambani hakuingia, akiogopea viatu vyake; udhaifu wa mtu aliupima kwa kutazama paa na kunusa jikoni. Kwa Mama Tusekile, mjane ambaye mahindi yake yalikauka yangali machanga, alikaribishwa kama wageni wanavyokaribishwa kwetu, kwa kuku. Alikula taratibu, akafyonza mifupa, akalamba kidole kimoja kimoja. Kisha akaandika mlangoni: SALAMA.

“Mwanangu, na mbegu?”

“Mama, anayechinja kuku ukame utamfanya nini?”

“Nilikuwa na huyo tu.”

Bwana Tabianchi akaitazama sahani.

“Alikuwa amenona,” alisema, akaomba kijiti cha meno.